Milima ya Tao la Mashariki: jiwe lina umri wake, mlima una umri wake

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto imechongwa ubavuni mwa mlima, na karibu kila kona imeacha ukuta wa mwamba ulio wazi. Utazame ukuta huo kwa makini. Milia myeupe, ya kijivu na myeusi imelala sambamba, na mahali pengine imejikunja na kujirudia kama unga uliokandwa kisha ukakatwa kwa kisu. Aliyezoea mawe mchanga atadhani ni tabaka za mashapo. Aliyetoka Moshi atadhani ni lava ya zamani. Wote wawili wamekosea, na kosa lao linaeleweka, kwa sababu Usambara haifanani na mlima wowote maarufu wa jirani.

Ukiuliza milima hii ina umri gani, utasikia majibu matatu yanayopingana. Mmoja atakutajia miaka zaidi ya bilioni 2. Mwingine milioni 640. Wa tatu milioni 30. Ajabu ni kwamba wote watatu wanaweza kuwa sahihi, maana kila mmoja anajibu swali lake. Wa kwanza anazungumzia lini malighafi ya baadhi ya mawe iliumbwa, wa pili lini mawe yalipikwa na kugeuzwa, wa tatu lini ardhi ilinyanyuka ikawa mlima tunaouona. Karibu kila mkanganyiko kuhusu Tao la Mashariki unaanzia kwenye kuchanganya maswali haya.

Tao lenyewe ni mlolongo wa safu 13 zilizopinda kama upinde, kuanzia vilima vya Taita nchini Kenya, kupitia Upare Kaskazini na Kusini, Usambara Magharibi na Mashariki, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho, Uluguru na Malundwe, hadi Udzungwa na Mahenge. Kilele kirefu kuliko vyote ni Kimhandu cha Uluguru, takriban mita 2,630. Shengena huko Upare Kusini kinakaribia mita 2,460. Ukilinganisha na Kilimanjaro ni milima mifupi, lakini Kilimanjaro ni mtoto: volkeno ya Shira ilianza kutema lava takriban miaka milioni 2.5 iliyopita. Mawe ya Upare Kaskazini, ambayo kutoka Mwanga unayaona mkabala na Kilimanjaro, ni ya kale zaidi ya hapo mara mia mbili na zaidi.

Kina cha kilomita 35

Mwamba ulioenea sana katika Tao ni naisi, na ndugu yake aliyepikwa zaidi, granuliti. Hii ni miamba iliyogeuzwa. Ilianza maisha yake kama kitu kingine, tope la baharini, mchanga, chokaa, lava au mwamba moto uliopoa chini ya ardhi, kisha ikazamishwa na kupata joto na mgandamizo mkubwa mpaka madini yake yakabadilika bila mwamba wote kuyeyuka. Tope likawa naisi yenye ganeti (punje nyekundu) na ulanga (madini yanayong'aa na kuchanika kama karatasi). Chokaa ikawa marumaru, mchanga safi ukawa mwamba wa kwatzi mgumu kama chuma, na lava nyeusi ikawa mwamba wa kijani-kiza uliojaa honiblendi, madini meusi, na ganeti.

Joto na kina vinapimwaje leo? Madini yenyewe hutunza kumbukumbu. Ganeti na madini yaitwayo piroksini vinapokaa ubavu kwa ubavu vikiwa na joto kali, hubadilishana chuma na magnesi, na uwiano wa ubadilishanaji huo hutegemea joto. Madini mengine hujitokeza tu mgandamizo unapozidi kiwango fulani. Ukipima kemia ya punje zinazogusana, unaweza kukokotoa hali iliyokuwapo zilipokoma kubadilishana. Kwa Upare na Usambara hesabu hizo zinaangukia nyuzi joto 800 hivi za Selsiasi, na mgandamizo unaolingana na kina cha kilomita 30 hadi 40.

Hicho ni kina cha chini kabisa cha ganda la dunia. Kwa hiyo mtu anayepumzika juu ya mwamba wa Irente, akiitazama nyika ya Mkomazi chini yake, amekalia kitako cha bara, si kilele cha kitu chochote.

Kilichoyazamisha mawe hayo ni mgongano. Kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, bahari iliyokuwa upande wa mashariki wa ngao ya kale ya Tanzania (ile ya mawe ya Dodoma na Singida, yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5) ilifungwa, na vipande vya mabara vikagongana kuunda bara kuu la Gondwana. Afrika, Madagaska, Bara Hindi na Antaktika vilikamatana. Ganda la dunia likakunjwa na kurundikana likawa nene maradufu, na juu yake pakasimama milima ambayo huenda ilishindana na Himalaya ya leo. Mabaki ya mkunjo huo yanaanzia Msumbiji hadi nchi zinazopakana na Bahari ya Shamu. Mwanajiolojia Arthur Holmes aliupa sehemu ya kusini jina la Ukanda wa Msumbiji mwaka 1951, alipotambua kwamba ni kipande kimoja kirefu chenye historia moja.

Milima hiyo ya mgongano haipo tena. Ilisagwa na mvua na mito, mchanga wake ukaenda zake. Tao la Mashariki ni mizizi yake tu.

Saa iliyofungiwa ndani ya punje

Umri wa miaka milioni 640 haukutolewa hewani, na inafaa kujua unavyopatikana, kwani hapo ndipo utaona kwa nini takwimu mbili za mwamba mmoja zinaweza kutofautiana bila mtu yeyote kudanganya.

Saa inayoaminiwa zaidi ni zirkoni, madini magumu yenye punje za sehemu moja au mbili ya kumi ya milimita. Zirkoni inapoota hukubali urani kidogo, metali yenye mionzi, ndani yake lakini hukataa kabisa risasi, ile metali nzito. Urani huoza polepole na kuwa risasi: urani-238 hupungua nusu kila baada ya miaka bilioni 4.47, na urani-235 kila baada ya miaka milioni 704. Risasi yoyote utakayoikuta ndani ya zirkoni safi, basi, imezaliwa humo humo. Na kwa kuwa saa ni mbili ndani ya punje moja, zinakaguana: zikitoa umri mmoja, jibu linaaminika, zikipishana, kuna jambo limetokea.

Kazi yenyewe huanza na kilo mbili hadi tano za mwamba mbichi, usiochakaa. Unavunjwa, unasagwa na kuchekechwa. Punje nyepesi za kwatzi na feldispa huelea kwenye kimiminika kizito na kuondolewa; zenye chuma, kama ganeti, huvutwa na sumaku. Zirkoni zinazobaki huokotwa chini ya hadubini, hupangwa kwenye gundi ngumu, kisha husuguliwa mpaka zifike nusu ya unene wake ili moyo wake uonekane. Hatua inayofuata ndiyo muhimu kupita zote: kila punje hupigwa picha kwa miale ya elektroni, na pete zake za kukua hujitokeza kama pete za mti. Baada ya hapo tu ndipo leza huelekezwa kwenye kidoa chenye upana wa takriban mikroni 30 (sehemu 30 za elfu za milimita).

Ukiiruka hatua ya picha umeharibu kila kitu. Zirkoni nyingi za Tao zina kiini cha kale kilichozungukwa na ganda jipya lililoota wakati wa mgongano. Leza ikigonga mpaka kati ya viwili hivyo, inatoa wastani wa umri wa kiini na wa ganda, namba isiyowakilisha tukio lolote lililowahi kutokea duniani. Kosa la pili ni punje iliyovuja risasi. Mionzi ya urani huvunja mpangilio wa ndani wa zirkoni kadiri muda unavyokwenda, nyufa ndogo hujitokeza, maji hupita na kubeba risasi, nayo saa husoma umri mdogo kuliko wa kweli. La tatu ni uchafu: mashine ya kusagia isiposafishwa vizuri, punje ya mwamba wa jana huingia kwenye sampuli ya leo.

Kazi ikifanyika vizuri, picha hujipanga. Maganda ya zirkoni na madini mengine ya Upare na Usambara hutoa umri wa kati ya miaka milioni 650 na 610: huo ndio wakati wa mapishi. Magharibi, kuelekea Ukaguru na Rubeho, kuna miamba ambayo viini vyake vina zaidi ya miaka bilioni 2. Kule mgongano ulipasha moto upya mawe yaliyokuwa wazee tayari, ilhali Usambara na Upare zimetengenezwa zaidi na malighafi changa zaidi, iliyoumbwa katika miaka milioni mia chache kabla ya kupikwa.

Ukiupima mwamba huohuo kwa kutumia ulanga badala ya zirkoni, utapata umri mdogo zaidi. Saa ya ulanga haianzi kuhesabu mpaka mwamba upoe chini ya nyuzi 300 hadi 400. Ya honiblendi huanza kwenye nyuzi 500 hivi. Tofauti kati ya saa hizi inakuambia mwendo wa kupoa, na kwa Upare na Usambara mwendo ulikuwa wa taratibu mno, nyuzi mbili hadi tano kwa kila miaka milioni. Mawe yalikaa kilindini muda mrefu yakiwa ya moto. Hayakurushwa juu mara tu baada ya mgongano.

Uluguru inastahili heshima ya pekee katika historia ya upimaji huu. Katika mishipa ya mawe yenye vipande vikubwa vya ulanga, vilivyochimbwa tangu enzi za Wajerumani, kulikuwa na madini ya urani. Mkemia Willy Marckwald aliyachunguza na mwaka 1906 akatangaza madini mapya ya manjano, yatokanayo na urani iliyochakaa, akayaita rutherfodini kwa heshima ya Ernest Rutherford, mmoja wa waliokuwa wakigundua wakati huohuo jinsi mionzi inavyoweza kuwa saa ya mawe. Hadi leo, Uluguru ndiyo makao ya kwanza ya madini hayo katika orodha za dunia nzima.

Kinywe: kivuli cha uhai

Swali linaloulizwa sana na walimu na wanafunzi ni wapi pa kutafuta visukuku, mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, katika Usambara. Ndani ya naisi yenyewe, hakuna. Mfupa au gamba haliwezi kuvumilia nyuzi 800. Chembe zote za mwamba zimejipanga upya, na umbo lolote limefutika. Tena, tope hilo lilipotulia baharini, wanyama wenye mifupa na magamba walikuwa hawajatokea duniani. Waliokuwapo walikuwa vijidudu na mwani.

Lakini vijidudu hivyo havikupotea kabisa. Kaboni ya miili yao ilibaki kwenye tope, na joto likaigeuza kuwa kinywe (grafiti). Ukanda wa kinywe unaofuatana na marumaru kutoka Taita, kupitia Mirerani, hadi Mahenge ni sakafu ya bahari ya kale iliyokuwa na uhai, na uwiano wa isotopu (aina nyepesi na nzito) za kaboni katika kinywe cha Mirerani unaonyesha asili hiyo. Tope lenye uozo wa viumbe hukusanya pia metali iitwayo vanadi. Vanadi hiyo ilipokutana na kalisi ya chokaa wakati wa mapishi na baada yake, ilitoa rangi ya buluu ya kito cha tanzanaiti na kijani cha kito cha tsavoraiti. Ndiyo maana wachimbaji wadogo hufuata mwamba wa kinywe kama mtu anayefuata njia ya maji. Vito vyekundu vya spineli vya Mahenge navyo hukaa ndani ya marumaru, chokaa ya bahari hiyohiyo.

Nani alinyanyua?

Hapa ndipo jibu la tatu linapoingia. Kama mawe yalikuwa kilomita 35 chini, yalifikaje mita 2,000 juu ya bahari?

Ushahidi wa kwanza uko Tanga. Kaskazini-magharibi ya mji, tabaka za mawe mchanga na udongo mgumu za kipindi kinachoitwa Karoo zimelalia moja kwa moja juu ya naisi. Tabaka hizo hazikupikwa kabisa. Zilianza kutulia miaka karibu milioni 300 iliyopita. Maana yake ni nzito: kufikia wakati huo, ule unene wote wa zaidi ya kilomita 30 uliokuwa juu ya naisi ulikwisha ondolewa, na mawe ya kilindini yalikuwa tayari juani. Kupanda kwingi kulikwisha kutokea kabla hata mjusi mkubwa hajatembea hapa.

Kisha Gondwana ikaanza kupasuka. Nyufa ndefu zilikata ardhi, vipande vikashuka vikawa mabonde ya kupokea mchanga, vipande vingine vikabaki juu. Miaka milioni 165 hivi iliyopita Madagaska, iliyokuwa imeegemea pwani ya Kenya na Somalia, iliachia na kuanza safari ya kusini. Nyufa hizo hazikufa. Zimeamka tena na tena kila ganda la Afrika liliponyooshwa, mara ya mwisho pamoja na Bonde la Ufa. Kunyanyuka kwa safu katika umbo linalokaribia la leo ndiko mara nyingi hutajwa kuwa kwa miaka milioni 30 iliyopita, lakini tafadhali usiuchukue kama siku ya kuzaliwa. Madini ya apatiti hutunza mikwaruzo midogo ya urani inayopasuka, na mikwaruzo hiyo hujifuta mwamba ukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 110, yaani kilomita tatu au nne chini. Hesabu za mikwaruzo hiyo mashariki mwa Tanzania zinaonyesha vipindi kadhaa vya kupoa na kupanda, vikiwemo vya zama za dinosaria wa mwisho. Ni kupanda kwa hatua, kwa makumi ya mamilioni ya miaka.

Boksiti ya Magamba, juu ya Lushoto, inashuhudia hilo. Boksiti haifanyiki kwenye mteremko mkali. Huhitaji ardhi tulivu yenye mvua, ambapo maji huosha kila kitu mwambani na kuacha alumini na chuma. Kuikuta juu kabisa ya safu kunaonyesha kwamba uwanda uliochakaa kwa muda mrefu ulibebwa mzima mzima hadi juu, kama meza iliyoinuliwa. Kwa nini Usambara ina kuta wima pembeni na vilima vya mviringo juu? Jibu ni hilo.

Kusoma mwamba mwenyewe

Unahitaji nyundo, lenzi ya mkono ya kukuza mara kumi, kisu cha chuma, kipande cha sumaku na siki. Anza kwa kupata uso mbichi. Hali ya hewa ya Usambara huchakaza mwamba hadi makumi ya mita. Naisi iliyooza hukatika kwa jembe lakini milia yake inabaki, na wengi huiita udongo wa tabaka. Tafuta mahali mto ulipoosha, au palipokatwa barabara karibuni.

Milia si tabaka za kutulia. Katika mashapo utaona punje za mviringo zilizoshikamanishwa, na mchanga hupukutika ukisugua. Katika naisi punje zimefungamana kama vipande vya fumbo, na milia hutofautiana kwa madini, si kwa ukubwa wa punje. Kwatzi haikwaruzwi na kisu. Marumaru hukwaruzwa kirahisi, na ukidondosha siki kwenye unga wake, viputo hutoka polepole. Kama havitoki, huenda ni dolomiti, inayohitaji asidi kali zaidi.

Punje nyekundu za mviringo ni ganeti. Si yakuti, na watu wameshatapeliwa sana kwa hilo. Njia rahisi ni kuikwaruza kwatzi: yakuti huchimba mfereji safi, ganeti huacha alama hafifu au haiachi kabisa. Vipande vinavyong'aa kama dhahabu na kuchanika kwa ukucha ni ulanga uliochakaa. Kinywe hupaka karatasi rangi ya kijivu na huteleza vidoleni.

Kosa linaloumiza zaidi ni lile la "kisukuku cha jani". Ukipasua jiwe ukakuta mchoro mweusi wa matawi mfano wa mti wa mvinje, hiyo ni manganizi iliyoota ndani ya ufa. Haina unene, haina mshipa wa jani, na mara nyingi imeanzia ukingoni mwa ufa kuingia ndani. Ni mrembo, lakini hajawahi kuwa hai.

Visukuku viko miguuni mwa milima

Kinachokosekana juu kipo chini, katika mabonde yaliyopokea mchanga. Katika tabaka za Karoo karibu na Tanga ulipatikana mtambaazi mdogo ambaye mtaalamu wa visukuku Sidney Haughton alimwita Tangasaurus mwaka 1924. Aliishi miaka zaidi ya milioni 250 iliyopita na alikuwa na mkia bapa wa kuogelea. Ndugu yake wa karibu, Hovasaurus, amepatikana Madagaska, jambo lisiloshangaza ukikumbuka kwamba wakati huo ungeweza kutembea kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine bila kuvuka bahari. Ng'ambo ya mpaka tabaka hizohizo zinaendelea kama mawe ya Duruma. Zile za Maji ya Chumvi zina samaki, za Mazeras zina magogo ya miti yaliyogeuka mawe.

Bahari ilipoingia baada ya kupasuka kwa Gondwana, iliacha chokaa ya Amboni, ile yenye mapango, na mashariki mwa Uluguru tabaka za Kidugallo kando ya Reli ya Kati, zenye amoniti (wanyama wa baharini waliotoweka, wenye gamba lililojiviringa) na kome wa miaka milioni 170 hivi.  Safari ya kutoka hapo kuelekea Uluguru inakupeleka kutoka kwenye chokaa yenye makombe hadi kwenye mwamba uliopikwa kilindini karibu miaka milioni mia tano kabla ya makombe hayo.

Ukikuta kisukuku, usikichimbue. Mfupa uliotolewa mahali pake hupoteza zaidi ya nusu ya maana yake, kwa sababu tabaka lililoushika ndilo lenye umri. Weka sarafu au rula kando yake, piga picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha mteremko mzima, andika majira ya GPS, fukia kidogo kama mvua iko njiani, kisha upeleke taarifa Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Kwa upande wa Kenya, Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nchini Tanzania Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda, na kukichukua bila kibali ni kosa hata kama kiko shambani kwako.